Viatu nje, kaa chini, tazama: nilichojifunza kwenye nyumba ya mbao ya Beitou

Watu wakifika Taipei, mji mkuu wa Taiwan, wengi wanakimbilia lile ghorofa la Taipei 101 na masoko ya usiku, sawa, kila mtu na mapenzi yake, ila mi leo nataka niongee habari ya Beitou maana tangu nimekwenda kule kichwa hakijatulia. Beitou ni kaskazini mwa jiji, mlimani, kwenye chemchemi za maji moto. Unapanda treni ya mjini ile laini nyekundu, unashuka Beitou, hapo unabadili unaingia treni nyingine fupi inayokwenda kituo kimoja tu, Xinbeitou, ukitoka nje harufu ya salfa imeshakupokea, na kuna kijito kinapita katikati ya bustani kinafuka mvuke. Wajapani walipoichukua Taiwan mwaka 1895 hawakuchelewa kuiona sehemu hii, mwaka uliofuata tu mfanyabiashara mmoja kutoka Osaka alishafungua nyumba ya wageni ya maji moto, na baada yake zikafuata nyingine na nyingine hadi mlima ukajaa hoteli za mbao za kijapani.

Nyingi hazipo tena. Moja iliyobaki ndo Makumbusho ya Beitou, ambayo iko juu kabisa kwenye barabara ya Youya, kuna basi dogo linapanda lakini mi na mwenzangu wa chuoni tulipanda kwa miguu, kona baada ya kona, miti mikubwa pande zote, hadi unaona paa la vigae vyeusi na ukuta wa mbao uliokolea rangi kama chai ya mkandaa. Nyumba ni ya ghorofa mbili, ilijengwa mwaka 1921 ikiwa hoteli ya kifahari inaitwa Kazan. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikatumiwa na maofisa wa jeshi la Japani. Vita vilipokwisha na Wajapani kuondoka ikawa nyumba ya wageni wa serikali chini ya wizara ya mambo ya nje, halafu miaka ya 1980 ndo ikawa makumbusho ya sanaa za watu wa kawaida wa Taiwan, vitu vya jikoni, vya nguo, vya mahekalu, vya ngoma, vya makabila ya asili. Mwaka 1998 jiji likaiweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, ikafungwa miaka kadhaa kwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa upya 2008.

Naeleza historia yote hii mwanzoni maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mi nilitoka pale nimechanganyikiwa, kwa maana nzuri.

Sasa ukifika mlangoni unavua viatu. Mi mtu wa Unguja, kuvua viatu mlangoni si jambo geni hata kidogo, nyumbani, msikitini, madrasa, ila kuvua viatu kuingia makumbusho ilikuwa mara yangu ya kwanza na sikutegemea itabadilisha kitu. Inabadilisha kila kitu jamani. Lazima uwe na soksi, hilo ulijue kabla hujatoka nyumbani, na unaweka viatu kwenye kabati halafu unaanza kutembea kwenye ukumbi mrefu wa mbao na ile mbao unaisikia, pale imelika kwa miguu ya watu miaka mia moja, hapa imebadilishwa juzi ni ngumu zaidi, unasikia tofauti kwenye unyayo kabla macho hayajaona. Halafu unajikuta unatembea polepole. Hakuna mtu aliyekuambia utembee polepole, hakuna kibao, ni nyumba yenyewe inakuambia, na watu wote mle ndani wanaongea sauti ya chini bila kuamrishwa.

Vyumba vimetandikwa tatami, ile mikeka minene ya nyasi, unene wake kama sentimita tano hivi, mmoja una upana wa kama sentimita 90 na urefu mara mbili ya hapo, na ndo kipimo cha chumba, mtu akitaka kukwambia ukubwa wa chumba anakwambia ni cha mikeka sita, cha mikeka nane. Nguzo, milango ya kusukuma, dari, vyote vinafuata kipimo hicho. Nikasimama pale katikati nikakumbuka nyumba za Mji Mkongwe, vile vyumba virefu vyembamba ambavyo wageni huwa wanashangaa kwa nini vyembamba hivyo, kumbe ni boriti, mkoko wa boriti una urefu wake na ndo unaamua upana wa chumba, mita mbili na nusu au tatu basi, ukitaka zaidi ya hapo dari haikubali. Kwa hiyo kule mkeka ndo unapima nyumba na kwetu mti wa mkoko ndo unapima nyumba. Mi nilisoma mambo ya boriti zamani kwa mjomba wangu ambaye ni fundi, ila sikuwahi kuyafikiria kama elimu, niliyachukulia kama maneno ya mjomba tu, na imenibidi niende hadi Taiwan nisimame juu ya mkeka wa watu ndo nikayapa heshima yake.

Ghorofa ya juu kuna ukumbi mkubwa wa karamu, tatami kila mahali na jukwaa mbele, huko ndo wateja wa hoteli walikuwa wanakula na kuangalia ngoma. Tuliruhusiwa kukaa. Na hapa kuna jambo nataka kila mtu anayekwenda nyumba ya kijapani alijaribu: ukiingia usimame kwanza, angalia, halafu kaa chini kabisa kwenye mkeka uangalie tena. Ukisimama unaona chumba kitupu chenye madirisha yaliyowekwa chini kidogo kuliko ulivyozoea, ukikaa tu lile dirisha linakuja sawa na macho, mlima unaingia ndani, na ile sehemu ya ukutani iliyoingia ndani wanayoiita tokonoma, ambapo wanatundika picha moja ya karatasi na kuweka chombo kimoja cha maua, inakuwa mbele yako kabisa. Chumba kizima kimepangwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Mi nilikaa pale muda mrefu hadi mwenzangu akashuka chini kuendelea na kazi yake ya kupiga picha akaniacha.

Tuje kwenye vitu vyenyewe maana ndo vilivyotupeleka. Wanabadilisha maonyesho, siku yenu mnaweza kukuta mengine, siku yangu walikuwa wameweka mambo ya nyumbani na mambo ya michezo ya jukwaani. Kulikuwa na vibao vya kutengenezea vitumbua vya mchele mwekundu (naviita vitumbua kwa kukosa jina, ni vitamu vya unga wa mchele unaonata, vinapikwa kwa mvuke) na kila kibao kimechongwa ndani umbo la kobe, kwa sababu kobe ni maisha marefu, ukigeuza upande wa pili kuna tunda, upande mwembamba kuna sarafu, yaani kibao kimoja kinafanya kazi ya sherehe zote, siku ya kuzaliwa, siku ya hekalu, arusi. Na kila kimoja kona zake zimelika, pale ambapo mama anagonga mezani ili kitumbua kidondoke. Niliviangalia sana vile vilivyolika. Vile vipya vipya ambavyo havikutumika sana vilikuwa vizuri kwa macho, nakshi kali, lakini havikunishika.

Halafu kulikuwa na mbeleko. Kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, kina mikanda mirefu inayopita mabegani inavuka kifuani inarudi nyuma, na pale mtoto anapoegemea pamedariziwa kwa nyuzi za rangi, maua na wanyama wa kumlinda mtoto na mabaya. Alikuwepo bibi mmoja anayejitolea pale kuelekeza wageni, mtu mzima sana, mwenzangu alimwita ama, hivyo ndo wanavyomwita nyanya kwa Kihokkien, lugha ya Wataiwani wengi, na mi nikamwita ama vile vile, akafurahi. Kichina changu bado ni cha kuombea maji hivyo mwenzangu alikuwa anatafsiri. Nikamwambia, ama, kwetu tunabeba kwa kanga, nikavua mtandio nikamuonyesha unavyopita chini ya kwapa na unavyokunjwa pale kifuani. Akacheka, akasema mikanda yako iko wapi, mtoto ataanguka. Nikamwambia haanguki ama, mi mwenyewe nimekulia humo. Basi akachukua ule mtandio wangu akajaribu mwenyewe, mara ya kwanza ukalegea, mara ya pili ukashika, akatembea nao kwenye ukumbi bila mtoto, amekunja mgongo kidogo vile vile ambavyo bibi zetu wanakunja. Akaniambia yeye alibebwa kwenye mbeleko kama ile ya kwenye kioo, na mama yake aliidarizi kabla hajazaliwa, na haijulikani ilipotelea wapi.

Nilichojifunza pale ni kwamba kitu kwenye makumbusho usikiulize kwanza ni cha mwaka gani. Kiulize kilikuwa kinashikwaje. Mkono ulikuwa wapi, uzito ulikuwa wapi, kilikuwa kinachoka sehemu gani. Ukijua hivyo mwaka utakuja wenyewe. Na mtu wa kumuuliza ni yule mzee aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, karibu kila makumbusho ya Taiwan niliyoingia wapo wazee wa kujitolea, wanajua mambo ambayo hayapo kwenye maandishi ya ukutani, na wanapenda kuulizwa, tafadhali waulizeni.

Sasa jambo lililonichanganya. Chumba cha mwisho kilikuwa cha vikaragosi, wale wa kuvaa mkononi, kichwa cha mti kimechongwa na kupakwa rangi, nguo ya hariri, vidole vya fundi ndo roho yao. Huu mchezo ni wa Wataiwani toka zamani, unachezwa mbele ya hekalu siku za sikukuu. Kuanzia 1937 vita vilipopamba moto na Uchina, serikali ya kikoloni ikaanza kampeni ya kuwafanya Wataiwani wawe Wajapani, majina, lugha, ibada, na michezo hii ikabanwa, waliotaka kuendelea walilazimishwa wavalishe vikaragosi nguo za kijapani na kuigiza hadithi za kijapani. Na mi nimesimama kwenye nyumba ambayo miaka hiyo hiyo walikuwa wanakaa maofisa wa jeshi la watawala, wanakula kule juu kwenye ule ukumbi mzuri ambao mi nilikuwa nimekaa nusu saa nyuma nausifia, na chini yake leo wamelala vikaragosi waliopigwa marufuku, na nguo zao wenyewe.

Nikarudi juu. Nilitaka kuona kama ule uzuri bado upo. Upo. Lakini sasa nilikuwa naona na vingine. Zile mbao kwa mfano. Sijui mti gani umetumika kwenye kila nguzo ya nyumba ile na sitaki kusema nisilolijua, ila enzi zile misitu ya mierezi ya Taiwan, miti ya zaidi ya miaka elfu, ilikatwa kwa wingi, reli ya kupanda mlima Alishan ilifunguliwa 1912 kazi yake kubwa kushusha magogo, na hata lile lango kubwa la mbao kwenye hekalu la Meiji kule Tokyo, watalii wanapiga nalo picha kila siku, mti wake umetoka Taiwan, lango lililopo sasa lilisimamishwa 1975 kwa mti wa kutoka huko huko. Kwa hiyo uzuri wa nyumba za aina hii una bei, na bei haikulipwa na aliyekuwa anakaa kwenye mkeka.

Kuna mtu mmoja ambaye mwenzangu alinitajia tukiwa tunashuka, Yanagi Soetsu, Mjapani aliyependa vitu vya mafundi wa kawaida wasiojulikana majina, bakuli, vikapu, nguo za kazi, akafungua makumbusho yake Tokyo mwaka 1936. Huyu mwaka 1922 aliandika kupinga Japani kubomoa lango la Gwanghwamun pale Seoul, na lango halikubomolewa, lilihamishwa. Mwaka 1943 alikuja Taiwan akazunguka kisiwa kuangalia kazi za mianzi na vitambaa vya makabila, akazisifia. Lakini Wakorea wengi baadae walimlaumu, walisema alipoona kazi zao aliona huzuni tu, kama vile wao ni watu wa kulia, na alipenda vitu kuliko alivyowatetea wenye vitu. Mi naona vyote viwili ni kweli kwa mpigo. Alisaidia vitu visipotee, na alikuwa anatazama akiwa amekaa upande wa anayetawala. Nimejikuta najiuliza mimi nikiwa makumbusho natazama nikiwa nimekaa upande gani.

Kwa miaka mingi baada ya vita, chini ya sheria ya kijeshi iliyodumu toka 1949 hadi 1987, serikali mpya iliyotoka Uchina haikupenda alama za Japani, mahekalu mengi ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, yalivunjwa au kugeuzwa. Kwa hiyo kuiacha nyumba kama hii ilikuwa ni uamuzi, na kuijaza vitu vya Wataiwani ilikuwa uamuzi mwingine mkubwa zaidi. Hawakuigeuza makumbusho ya hoteli. Hawakuweka sanamu ya wateja wamevaa yukata, lile vazi jepesi la kijapani, wanakunywa chai. Wameichukua nyumba ya mtawala wakaweka ndani kibao cha kitumbua na mbeleko. Sisi Waswahili tunajua haya, Fort Jesus pale Mombasa Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ajili ya mizinga yao, leo ndani yake kuna vyungu na vitu vya pwani nzima, na ngome ya Lamu ilikuwa jela hadi 1984 kabla ya kuwa makumbusho. Huwa nasikia watu wanabishana, tuyabomoe majengo ya wakoloni au tuyatunze. Baada ya Beitou msimamo wangu ni kuwa tutunze, kwa mikono yetu, na tuamue sisi kinachokaa ndani, na tuseme wazi mle mle ndani nani alijenga, kwa mbao za nani, kwa kazi ya nani. Mi pale Beitou ningependa hilo la mbao liandikwe ukutani kwa herufi kubwa zaidi.

Na kutunza si maneno. Nyumba ya mbao mahali penye mvua, matetemeko, vimbunga, mchwa na hewa ya salfa inayokula chuma, haisimami miaka mia kwa bahati. Imeinuliwa kutoka ardhini ili upepo upite chini, nyumba nyingi za kijapani Taiwan ziko hivyo na zina vitundu vya hewa pembeni kwenye msingi, ukiona mtu ameziba vile vitundu kwa saruji jua nyumba hiyo imeanza kufa. Mbao zimeungwa kwa kuchongewa, ulimi wa hii unaingia kwenye tundu la ile, ili zikitikisika zicheze kidogo zisivunjike. Milango inafunguliwa asubuhi inafungwa jioni. Mkeka unachakaa unabadilishwa. Yule ama alituambia kazi yao kubwa ni unyevu, si wageni wala watoto.

Hapo ndo roho iliniuma, nitasema. Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu ya kwetu Unguja, iliyojengwa 1883, ambayo ilikuwa makumbusho yetu, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na mafundi wawili wakafariki. Mle ndani katikati kulikuwa na mtepe, jahazi lililojengwa upya kwa namna ya zamani, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba bila msumari. Nilikuwa nikipelekwa na shule kuangalia ule mtepe. Nimesimama Beitou nazitazama zile nguzo zilivyoungwa, nikawa nawaza ule mshono wa kamba, na mafundi wa aina mbili wa bahari mbili tofauti waliofikia wazo lile lile, kwamba kitu kinachotikiswa kiachiwe nafasi ya kucheza.

Toka siku ile nampigia mjomba simu kila Ijumaa baada ya sala na ninamrekodi. Namuuliza chokaa. Ananiambia mawe ya matumbawe yanachomwa kwenye tanuu ya kuni, yanamwagiwa maji, halafu chokaa inaachwa ipoe na kukaa miezi, fundi mwenye haraka anaharibu ukuta. Ananiambia ukuta wa mawe na chokaa unapumua, ukiupaka saruji maji na chumvi vinabaki ndani vinaula, na nusu ya kazi anazoitwa siku hizi ni kubandua saruji iliyopakwa na mtu mwingine. Nilimuuliza wangapi mtaani kwake wanajua kuchoma chokaa kama zamani, akataja majina, nikayaandika, wote ni watu wa rika lake au wakubwa zaidi. Nimemuomba nikirudi likizo anipeleke kwa kila mmoja, na nikaomba vijana wawili wa mtaani wawe wanafuatana naye kazini toka sasa hivi, wasinisubiri mimi. Amekubali mmoja, wa pili anasema hana stamina ya kubeba mawe, bado tunabishana.